Moduleta ya nuru iwe fupi kiasi gani?

Msomaji mmoja ambaye yumo katika masomo ya uzamili ameniletea swali hili kuhusu moduleta, yaani kifaa kinachoandika ishara ya umeme juu ya nuru, nami nalinukuu kwa kifupi: "Katika chipu yangu ya kwanza ninabuni moduleta ya elektro-optiki katika utando mwembamba wa fuwele ya lithiamu niobeti, kwa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Nafasi niliyogawiwa kwenye chipu ina urefu wa milimita 5 tu. Saketi itakayoiendesha inatoa volti 1 kutoka kilele hadi kilele, na ninahitaji ifanye kazi hadi gigahezi 50. Uigaji wa kompyuta unanipa volteji ya nusu wimbi ya volti 4.4 pale elektrodi zinapoachana kwa mikromita 5. Je, nizisogeze hadi mikromita 2, nitumie pete, au niachane kabisa na lithiamu niobeti? Upotevu wote wa nuru, kuanzia faiba ya kuingilia hadi ya kutokea, usizidi desibeli 3."

Ndugu msomaji, swali lako limeulizwa vizuri kwa sababu limekuja na tarakimu, na ni tarakimu hizo hizo zitakazolijibu. Kabla ya kuchagua kati ya njia tatu ulizozitaja, naomba tuuweke kando ule urefu wa milimita 5 na tuulize moduleta inatakiwa imkabidhi nini mpokeaji. Mpokeaji haoni volteji ya nusu wimbi, yaani ile inayotosha kuitoa moduleta kwenye kufungua kabisa hadi kufunga kabisa, wala haoni urefu wa kifaa chako. Anachokiona ni tofauti kati ya nuru inayomfikia wakati wa "moja" na ile inayomfikia wakati wa "sifuri". Tofauti hiyo hupunguzwa na mambo mawili: nuru inayopotea njiani, na volteji isiyotosha kuizungusha awamu ya wimbi, yaani hatua lilipofika katika mzunguko wake, kwa ukamilifu. Kwake yeye yote mawili ni hasara ya aina moja, na yote mawili yanahesabika kwa desibeli, kipimo ambacho kila 3 zake ni kupungua kwa nusu. Wabunifu wengi hukosea kwa kuyaweka katika madaftari mawili tofauti, upotevu huku na volteji kule, kisha wakalipa desibeli nne ili waokoe mbili.

Tuanze na hali uliyonayo sasa. Moduleta ya Mach-Zehnder hugawa nuru katika mikono miwili, huharakisha awamu katika mkono mmoja na kuichelewesha katika mwingine, kisha huikutanisha tena. Ukiiweka katikati ya mteremko wake, pale inapopitisha nusu ya nuru, na kuiendesha kwa volti 1 kutoka kilele hadi kilele, sehemu ya tofauti kamili unayoipata ni saini ya pai mara nusu volti, ikigawanywa kwa volteji ya nusu wimbi. Kwa volti 4.4 jibu ni takriban 0.35, yaani umepungukiwa na desibeli 4.6 ukilinganisha na moduleta inayofunga na kufungua kabisa. Kiwango cha "moja" kitakuwa takriban maradufu tu ya kiwango cha "sifuri". Hizo desibeli 4.6 ndizo deni lako, na kila pendekezo tutakalolitazama tutaliuliza linapunguza kiasi gani cha deni hilo na linadai kiasi gani cha nuru kama malipo.

Sasa tuangalie kwa nini lithiamu niobeti inakuwa ndefu. Athari tunayoitegemea, ile aliyoichunguza Friedrich Pockels na ambayo mwaka wa 1893 huhusishwa nayo, hubadilisha fahirisi ya mpindo wa nuru, yaani kipimo cha jinsi malighafi inavyoipunguzia nuru kasi, kwa uwiano wa moja kwa moja na uga wa umeme. Katika lithiamu niobeti kigezo chake kikubwa ni takriban pikomita 31 kwa volti, na fahirisi ya mpindo katika mwelekeo huo ni takriban 2.14. Volti moja juu ya pengo la mikromita 5 hubadilisha fahirisi hiyo kwa sehemu 3 tu katika 100,000, tena hapo tumedhani kwamba uga wote unapita ndani ya nuru, jambo ambalo halitokei. Kwa badiliko dogo namna hiyo hakuna budi nuru itembee mbali. Fanya hesabu kwa mikono miwili inayosukumana na kuvutana, uondoe asilimia 40 hivi kwa sababu ya uga unaopita nje ya njia ya nuru, na utafika kwenye volti-sentimita 2 na kidogo, ambayo ndiyo ile 2.2 iliyojificha katika uigaji wako: volti 4.4 mara nusu sentimita. Hakuna kosa lolote katika mchoro wako. Tarakimu hiyo inakaribiana na ile iliyochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Harvard na Nokia Bell Labs, ambao kwa kifaa cha milimita 20 walipata volteji ya nusu wimbi ya volti 1.4 huku upotevu ndani ya chipu ukiwa chini ya nusu desibeli.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ningependa kila mbunifu alijibu kabla hajafungua programu ya uigaji: je, moduleta yangu inazuiwa kurefuka na nini? Tuseme volteji ya kuendesha ni ndogo kuliko volteji ya nusu wimbi, kama ilivyo kwako. Kila sentimita unayoiongeza huongeza mzunguko wa awamu kwa uwiano ule ule, lakini pia hupunguza nuru kwa kiasi fulani cha desibeli. Zidisha faida hiyo na hasara hiyo, utafute kilele, na utakuta kwamba urefu bora ni ule ambao nuru iliyopotea ndani ya elektrodi inafikia desibeli 4.34, bila kujali malighafi uliyoichagua. Kwa maneno mengine, gawanya 4.34 kwa upotevu wa kila sentimita.

Ijaribu kanuni hiyo uone inavyosema kweli. Katika silikoni iliyotiwa atomu za kigeni ili ibebe chaji, upotevu wa desibeli 15 kwa sentimita si jambo la ajabu, na kanuni inatoa milimita 2.9, na moduleta nyingi za Mach-Zehnder za silikoni kweli zina urefu wa milimita chache. Katika njia za plazmoniki, ambamo nuru hubanwa kati ya kuta mbili za metali, upotevu ni takriban nusu desibeli kwa kila mikromita, na kanuni inatoa chini kidogo ya mikromita 9. Vifaa vilivyochapishwa tangu 2015 vina urefu wa mikromita kumi hivi. Kisha iweke lithiamu niobeti yenye upotevu wa desibeli 0.3 kwa sentimita, na kanuni inakuambia urefu bora ni sentimita 14. Si kosa la uchapaji. Nuru katika lithiamu niobeti haikuzuii kurefuka hata kidogo. Unaozuia ni umeme, pamoja na ukubwa wa chipu. Kwa hiyo unaposema unataka kifaa kifupi, unakataa mali ambayo malighafi yako inakupa karibu bure.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo unaona pia kwa nini wataalamu hulinganisha malighafi kwa kuzidisha upotevu wa kila sentimita na volteji ya nusu wimbi mara urefu. Silikoni yenye desibeli 15 kwa sentimita na volti-sentimita 1.5 inapata volti-desibeli 22 na nusu, ilhali lithiamu niobeti yenye 0.3 na 2.2 inapata chini ya 0.7. Tofauti ni zaidi ya mara thelathini. Sababu yake imo katika fizikia yenyewe: fuwele ya silikoni ina ulinganifu unaoifuta athari ya Pockels, hivyo inatubidi tubadilishe fahirisi yake kwa kusukuma na kuvuta elektroni na mashimo (nafasi zilizoachwa wazi na elektroni), na chaji hizo hizo hufyonza nuru. Kwa mujibu wa hesabu za watafiti Soref na Bennett za mwaka 1987, mashimo trilioni milioni moja katika sentimita moja ya ujazo hushusha fahirisi kwa takriban 0.002 na papo hapo huleta upotevu wa desibeli 26 hivi kwa sentimita. Badiliko ni kubwa mno likilinganishwa na sehemu 3 kwa 100,000 za lithiamu niobeti, lakini bei yake inalipwa kwa nuru. Kwa bajeti yako ya desibeli 3 ningeiacha silikoni. Asiyejali desibeli chache na anayehitaji maelfu ya vifaa karibu na transista zake ataamua vingine, na atakuwa na haki.

Bariamu titaneti inastahili sentensi mbili. Utando wake juu ya silikoni umepimwa, mwaka 2019, ukiwa na kigezo cha Pockels kinachozidi pikomita 900 kwa volti, yaani karibu mara thelathini ya lithiamu niobeti, na kama una mtu wa kukukuzia utando huo kwa ubora, usisite kuzungumza naye. Lakini kwa kuwa umeniambia ni chipu yako ya kwanza, malighafi isiyopatikana kwa urahisi itakula muda wako wote kabla hujapima chochote. Polima za kikaboni nazo zina vigezo vikubwa, ila mpangilio wa molekuli zake, unaowekwa kwa uga mkali wakati polima ina joto, unaweza kulegea tena joto likipanda.

Turudi kwenye pengo la elektrodi. Kusogeza kutoka mikromita 5 hadi 3 ni wazo la kufikirika. Kusogeza hadi 2 silishauri. Chukua njia ya nuru yenye upana wa mikromita 1.5, upana wa kawaida kwa kazi hii. Pengo la 5 linaacha mikromita 1.75 kila upande, la 3 linaacha 0.75, na la 2 linaacha robo mikromita, ambapo mkia wa nuru unaigusa metali waziwazi. Mkia huo hupungua kwa kasi ya kipeo, kwa hiyo ufyonzaji wa metali nao hupanda kwa kasi ya kipeo kadiri unavyosogea, ilhali volteji inashuka kwa uwiano tu. Kipeo kikishindana na mstari ulionyooka, mwisho wake unajulikana. Tuseme pengo la 3 linakushushia volteji ya nusu wimbi hadi volti 3: deni lako linatoka desibeli 4.6 hadi 3.0, yaani umepata desibeli 1.6. Kama uigaji unaonyesha metali imefyonza chini ya hapo katika milimita zako 5, umefaidika. Kama imezidi, umejidanganya kwa volteji nzuri. Kumbuka pia kwamba mashine ya kuchora ruwaza haiweki elektrodi pale ulipoichora hasa. Kosa la nanomita 200 halisikiki katika pengo la 5, lakini katika pengo la 3 hufanya mkono mmoja upoteze nuru kuliko mwenzake, na mikono isiyolingana haifungi giza vizuri. Mimi ningebaki kati ya 4 na 5 katika toleo la kwanza.

Pete inavutia kwa udogo wake, na najua picha za pete ya silikoni yenye kipenyo cha mikromita 12, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2005, zimewashawishi wengi. Lakini pete hubana nuru kwa kuizungusha mara nyingi, na nuru inayozunguka mara nyingi haiwezi kubadilika haraka. Masafa ya nuru yako ni terahezi 193 na ushei. Ukiyagawanya kwa kipimo cha ubora Q unapata upana wa resonansi, yaani ukanda mwembamba wa mawimbi ambao pete inauitikia, na kwa hiyo kwa gigahezi 50 Q isizidi 3,900 hivi, ambayo ni resonansi yenye upana wa pikomita 400. Katika lithiamu niobeti volti moja huisogeza resonansi kwa pikomita kumi hivi. Unasogeza mlango wa pikomita 400 kwa pikomita 10: mpokeaji hataona kitu. Ukiongeza Q ili mlango uwe mwembamba, gigahezi 50 zinaondoka. Silikoni inaweza kuishi na pete kwa sababu inasogeza resonansi yake kwa makumi ya pikomita kwa volti, ingawa nayo hulipa kwa joto: nyuzi moja ya Selsiasi huihamisha resonansi kwa takriban pikomita 70, na hapo lazima uwe na kipashajoto na saketi ya kukilinda. Kwa malighafi yako na kasi yako, ifute pete kwenye orodha.

Kinachobaki, na ndicho ninachokushauri, ni kukunja. Milimita 5 ni urefu wa nafasi yako. Si lazima ziwe urefu wa njia ya nuru. Ipitishe nuru mara mbili, kwenda na kurudi, upate sentimita 1 ya elektrodi na volteji ya nusu wimbi ya volti 2.2. Saini inakuwa 0.65, deni linashuka hadi desibeli 1.8, na umeokoa desibeli 2.7 kwa gharama ya kama desibeli 0.15 za nusu sentimita iliyoongezeka pamoja na upotevu mdogo wa pindo. Hakuna chaguo jingine katika barua yako linalokaribia biashara hiyo.

Kwa nini usiipitishe nuru mara tatu au nne? Hapa ndipo umeme unapokataa. Elektrodi ya namna hii ni njia ya maikrowevu inayosafiri sambamba na nuru, na upotevu wake hukua kwa kipeuo cha pili cha masafa kwa sababu mkondo wa umeme hujikusanya kwenye ngozi ya metali. Kasi za nuru na maikrowevu zikilingana, kifaa hushuka kwa desibeli 3 za umeme pale maikrowevu inapokuwa imepoteza desibeli 6.4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuseme elektrodi yako inapoteza desibeli 0.7 kwa sentimita kwa kila kipeuo cha gigahezi. Kwa sentimita 1 unafika gigahezi 84. Kwa sentimita 1.5 unabaki na 37. Kwa sentimita 2 ni 21 tu. Urefu ukiongezeka maradufu, masafa yanagawanyika kwa nne. Kwa gigahezi 50 ukomo wako ni karibu sentimita 1.3, kwa hiyo mipito miwili inatosha na wa tatu unavunja sharti lako. Ukitaka kwenda mbali zaidi, suala ni kuipunguza ile 0.7: metali nene zaidi, na elektrodi zenye meno madogo yanayoelekea kwenye njia ya nuru, ili mkondo mkuu upite katika metali pana iliyo mbali huku meno yakifikisha uga karibu.

Ulinganifu wa kasi usiupuuze, ingawa utando mwembamba umeurahisisha sana kuliko zamani. Fahirisi ya maikrowevu ikitofautiana na fahirisi ya kundi ya nuru, ile inayoamua kasi ya ishara iliyobebwa na nuru, kwa 0.1, katika sentimita 1 ukomo unaotokana na tofauti hiyo peke yake ni gigahezi 130 hivi, na hapo huna tatizo. Ikitofautiana kwa 0.4, umerudi kwenye gigahezi 33. Unene wa tabaka la silika chini ya utando na juu yake ndio usukani wako hapa.

Kukunja kuna mtego mmoja ambao niliuingia mwenyewe, nikapoteza duru nzima ya utengenezaji. Katika utando ambao mhimili mkuu wa fuwele umelala kwenye uso wa chipu, ishara ya athari ya Pockels inategemea uga unaelekea wapi ukilinganisha na mhimili huo. Ukiikunja moduleta nyuzi 180, elektrodi na njia za nuru zikageuka pamoja, mkono uliokuwa ukiharakisha awamu unaanza kuichelewesha, na safari ya kurudi inafuta kazi yote ya safari ya kwenda. Dawa yake ni kuivusha mikono ya nuru ipishane ndani ya pindo, kila mmoja ukaingie kwenye pengo la mwenzake. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa na upotevu mdogo wa kupendeza na hakikumoduleti chochote. Katika pindo hilo hilo hakikisha muda wa kupita kwa nuru unalingana na muda wa maikrowevu, kwa maana kuchelewana kidogo hapo kunajionyesha kama bonde katika mwitikio wa masafa ya juu. Na kwa kuwa fahirisi ya fuwele hubadilika mwelekeo unapobadilika, nuru ambayo uga wake umelala kwenye uso wa chipu yaweza kuanza kusimama wima ndani ya pindo. Chunguza hilo kwa unene hasa wa utando wako, wala usidhani pindo la nyuzi 180 ni nusu duara tu.

Kuhusu desibeli 3 za jumla, adui wako si moduleta. Njia za lithiamu niobeti zilizochongwa kwa uangalifu zimewahi kupimwa zikipoteza desibeli 2.7 kwa mita nzima, mwaka 2017, na hata ukiwa mbaya mara kumi zaidi ya hapo, sentimita yako haifiki desibeli 0.3. Faiba ya kawaida inabeba nuru yenye kipenyo cha mikromita 10 hivi, na njia yako haizidi mikromita moja na nusu. Ukizigusanisha bila kuandaa chochote utapoteza desibeli kadhaa kila upande, na bajeti yote imekwisha kabla elektrodi hazijaanza. Njia ichongoke polepole mwishoni, kwa hatua mbili ikiwezekana, ili nuru ipanuke kabla ya kukutana na faiba. Muda uliotaka kuutumia kubana pengo, utumie hapo.

Mwisho, mambo mawili ya vitendo. Usiiweke moduleta katikati ya mteremko wake kwa kutumia volteji ya kudumu kwenye elektrodi, kwa sababu katika lithiamu niobeti chaji huhama taratibu na sehemu uliyoichagua inateleza. Weka kipashajoto kidogo kwenye mkono mmoja. Na katika chipu hiyo hiyo chora njia tupu tatu au nne zenye urefu tofauti, nyingine zikiwa na elektrodi kando na nyingine hazina, ili utakapopima uweze kutenganisha upotevu wa njia, wa metali na wa faiba. Bila njia hizo utakuwa na tarakimu moja tu ya upotevu wa jumla, na hutajua toleo la pili lirekebishe nini.